Carter na Kolwezi: vita viwili, majibu mawili

Machi 1977 wapiganaji waliokuwa wakiishi Angola walivuka mpaka na kuingia mkoa wa Shaba, yaani Katanga, nchini Zaire, Kongo ya leo. Rais wa Marekani akatuma dawa, redio na vipuri. Mei 1978 wapiganaji wale wale, chini ya kamanda yule yule, walirudi. Safari hii rais yule yule alitoa ndege 18 za kijeshi za mizigo, akaamuru vikosi vya Divisheni ya 82 ya askari wa miavuli vikae tayari, kisha akasimama mbele ya waandishi wa habari mjini Chicago na kuinyooshea Cuba kidole. Rais huyo ni Jimmy Carter, na mji uliokuwa katikati ya kishindo hicho ni Kolwezi.

Tofauti moja ya kweli ipo, na tusiipuuze. Mwaka 1977 wapiganaji waliishia njiani. Mwaka 1978 waliushika mji wenyewe, ukiwa na Wazungu zaidi ya 2,000 ndani yake, wengi wao Wabelgiji na Wafaransa waliofanya kazi na shirika la madini la Gécamines. Hilo linaeleza zile ndege. Halielezi kidole. Kidole kilitoka Washington, na kwa kiasi fulani kilitoka Ogaden, Ethiopia, maelfu ya kilomita kutoka Kolwezi. Anayetaka kuelewa jinsi marais wa Marekani wanavyoitazama Katanga, tangu Kennedy mpaka Trump, aanze na mwaka huo mmoja ulio kati ya vita vile viwili.

Tuwajue kwanza wapiganaji wenyewe. Chama chao kiliitwa FLNC, na kiongozi wao alikuwa Nathaniel Mbumba, aliyewahi kuwa polisi Katanga. Mzizi wa chama hicho ni wa zamani kuliko Mbumba. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, akajenga jeshi la majandarma. Kujitenga kule kulikufia Kolwezi: Januari 1963, baada ya kukimbia Elisabethville, Tshombe alikubali yaishe akiwa katika mji huu, na tarehe 21 askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia. Nyuma ya Umoja wa Mataifa alikuwapo John Kennedy, na ndege za Marekani ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya askari na mizigo yao. Majandarma wengi wakavukia Angola. Tshombe alipoitwa kuwa waziri mkuu mwaka 1964 walirudi, wakaasi mwaka 1966 na 1967, wakashindwa, wakavuka tena. Wareno waliwatumia dhidi ya wapigania uhuru wa Angola. Uhuru ulipofika mwaka 1975, wakajikuta wako upande wa MPLA, wakipigana bega kwa bega na Wakuba dhidi ya FNLA, kundi lililokuwa likisaidiwa na Mobutu, rais wa Zaire. Wengi wao walikuwa Walunda, na ndugu zao waliishi pande zote mbili za mpaka. Kuwaita wakomunisti ni kutojua historia yao. Watu hawa waliwahi kumtumikia Tshombe, kipenzi cha makampuni ya Ubelgiji.

Carter alipoapishwa tarehe 20 Januari 1977 hakuwa na deni kwa mtu yeyote katika habari hizi. Alizaliwa mwaka 1924 Plains, kijiji cha Georgia, kwa baba mkulima wa karanga na pamba aliyekuwa pia na duka. Alihitimu chuo cha jeshi la majini cha Annapolis mwaka 1946, akaingia kwenye nyambizi, akafanya kazi chini ya Hyman Rickover katika mpango wa nyambizi za nyuklia. Baba yake alipofariki mwaka 1953 aliacha jeshi, akarudi kushika shamba. Alipoapishwa kuwa gavana wa Georgia mwaka 1971 alitangaza kwamba wakati wa ubaguzi wa rangi umekwisha, kauli nzito kutoka kinywa cha gavana wa jimbo lile. Kanisani alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Kwa hiyo Ikulu ilipata mhandisi anayedai ushahidi na Mkristo anayedai haki za binadamu, wote wawili ndani ya mtu mmoja. Wapiga kura waliochoshwa na Vietnam na Watergate walimpenda kwa sababu hiyo hiyo.

Jaribio lake la kwanza barani Afrika lilifika kabla hajamaliza miezi miwili ofisini. Tarehe 8 Machi 1977 watu wa Mbumba waliingia Shaba, wakashika Kapanga, Dilolo, Sandoa, Kasaji na Mutshatsha, wakawa wanaikaribia Kolwezi. Jeshi la Mobutu lilikimbia mara nyingi kuliko lilivyopigana. Mobutu akapiga kelele kwamba anavamiwa na Urusi na Cuba. Carter aliuliza swali ambalo mhandisi yeyote angeuliza: ushahidi uko wapi? Idara zake zilipomwambia kwamba hakuna Mkuba aliyeonekana Shaba, alisema hivyo hadharani, na misaada aliyotoa ilikuwa ya vitu visivyoua. Waliokuja kumwokoa Mobutu ni Wamoroko wapatao 1,500, waliobebwa na ndege za Ufaransa. Mwishoni mwa Mei mambo yalikuwa yamekwisha, na redio ya Kinshasa ikavipa vita hivyo jina la vita vya siku themanini.

Mobutu alikasirika sana. Mimi naona Carter alifanya sawasawa. Alikataa kugeuza ugomvi wa Walunda na Kinshasa kuwa uwanja wa mataifa makubwa, na tarehe 22 Mei, katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, aliwaambia Wamarekani kwamba wameanza kuondokana na ile hofu ya ukomunisti iliyokuwa ikiwasukuma kumkumbatia kila dikteta aliyejiita adui wa Moscow. Balozi wake Umoja wa Mataifa, Andrew Young, aliyetoka katika harakati za Martin Luther King, alithubutu hata kusema kwamba Wakuba wameleta utulivu Angola. Agosti mwaka huo Mwalimu Nyerere alipokelewa Washington kwa heshima zote, jambo ambalo miaka michache nyuma lisingetarajiwa.

Yaliyofuata ndiyo yaliyoharibu. Mwishoni mwa 1977 Umoja wa Kisovieti ulianza kusafirisha silaha kwa wingi kwenda Ethiopia, na maelfu ya Wakuba wakapelekwa kuwafukuza Wasomali waliokuwa wameuteka Ogaden. Zbigniew Brzezinski, mshauri wa usalama wa taifa, aliyaona hayo kuwa changamoto kwa Marekani duniani kote. Cyrus Vance, waziri wa mambo ya nje, aliyaona kuwa matatizo ya Afrika yenye chanzo chake Afrika. Wawili hao walivutana kila wiki, na Carter, badala ya kuamua kati yao, alichota huku na kule. Wakati huo huo alikuwa amemaliza nguvu zake za kisiasa kupitisha mikataba ya kuurudisha mfereji wa Panama, iliyopita katika Seneti Machi na Aprili 1978 kwa tofauti ya kura moja tu juu ya theluthi mbili zilizohitajika. Wapinzani walimwita dhaifu. Uchaguzi wa bunge ulikuwa Novemba, na mkataba wa silaha za nyuklia na Moscow ulikuwa ukisubiri kura za maseneta wale wale.

Hapo ndipo Kolwezi ikaanguka.

Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 13 Mei 1978, maelfu ya wapiganaji wa FLNC, ambao safari hii walipitia Zambia, waliingia mjini na kuuteka. Kolwezi haikuwa mji mdogo wa mpakani. Sehemu kubwa ya shaba na kobalti ya Gécamines ilitoka katika machimbo yake, na fedha za madini hayo ndizo zilizoiendesha serikali ya Mobutu. Tena Marekani ilikuwa na kitega uchumi chake cha wazi: laini ya umeme ya kilomita kama 1,700 kutoka bwawa la Inga mpaka Kolwezi, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Morrison-Knudsen kwa mikopo iliyotoka kwa sehemu kubwa katika benki ya serikali ya Marekani. Katika siku chache mjini yalifanyika mauaji ya kutisha. Wazungu zaidi ya mia moja waliuawa. Waafrika waliouawa ni mamia, na wao hawakuhesabiwa kwa uangalifu ule. Mpaka leo kuna wanaobishana juu ya nani aliua nani, na wanaosema kuwa askari wa Mobutu nao mikono yao haikuwa safi.

Tarehe 19 Mei askari wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa, kikosi cha 2e REP cha Kanali Philippe Erulin, waliruka kwa miavuli juu ya mji. Wenzao wakafuata kesho yake. Tarehe 20 Wabelgiji walitua uwanja wa ndege. Hata waokoaji hawakuelewana. Brussels ilitaka kuwatoa raia wake na kuondoka, Paris ilitaka kumwokoa Mobutu, na magazeti ya Ubelgiji yalinong'ona kwamba Wafaransa wanayatamani machimbo. Marekani ilitoa ndege za C-141 kubeba mafuta, magari na vifaa, na mwezi uliofuata ndege zake zikawabeba askari wa kikosi cha Kiafrika, wengi wao Wamoroko, pamoja na wengine kutoka Senegal, Togo, Gabon na Côte d'Ivoire, waliokaa Shaba mpaka mwaka 1979. Hakuna askari wa Kimarekani aliyepigana. Hilo Carter alilishikilia mpaka mwisho, na ni haki yake kusifiwa kwa hilo.

Sasa kile kidole. Tarehe 17 Mei, siku mbili kabla ya miavuli, Fidel Castro alimwita mwakilishi wa Marekani mjini Havana na kumwambia kwamba Cuba haina mkono Kolwezi, na kwamba alikuwa amejaribu kuuzuia uvamizi huo. Kwa Castro kujieleza hivyo kwa Washington lilikuwa jambo la nadra. Tarehe 25 Mei, Chicago, Carter alisema Cuba ilijua mpango na haikufanya lolote kuuzuia. Siku tatu baadaye Brzezinski, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka Beijing, akaongeza ukali kwenye televisheni. Seneti ikadai ushahidi. CIA ikauleta, na baadhi ya maseneta, akiwemo George McGovern, walitoka chumbani hawajashawishika. Miaka ya tisini mwanahistoria Piero Gleijeses aliandika kwa kirefu juu ya mkasa huu, na hukumu yake ni kwamba Castro ndiye aliyekuwa akisema kweli.

Je, Carter alidanganya? Sidhani. Alichagua kuamini. Taarifa zilizokuwa mezani zilisomeka namna mbili, na mwaka mmoja kabla angezisoma kwa namna ya kwanza. Mei 1978 alihitaji kuonekana imara, na Shaba ilikuwa mahali rahisi pa kuonekana imara: mbali, pasipo na Mmarekani wa kupigana, na penye picha za maiti za Wazungu kwenye televisheni. Kwa watu wa Sandoa au Dilolo, maana yake ilikuwa moja tu: shida yao ilipewa jina la mtu mwingine.

Shida hiyo ilikuwa Mobutu. Baada ya vita vya kwanza jeshi lake liliwatendea vibaya wanavijiji wa Kilunda hadi maelfu kwa maelfu wakakimbilia Angola, na katika wakimbizi hao FLNC ikapata vijana wapya. Nguza Karl-i-Bond, waziri wa mambo ya nje, Mlunda na jamaa wa Tshombe, alihukumiwa kifo mwaka 1977 kwa madai kwamba alijua uvamizi unakuja. Mwaka uliofuata akaachiwa, na mwaka 1979 akarudishwa kwenye kiti kile kile cha uwaziri, kwa maana hivyo ndivyo Mobutu alivyotawala: anakuangusha ili ujue nani alikuinua. Januari 1978 askari wake waliua mamia ya watu Idiofa, Bandundu. Ukatili huo ulijulikana Washington kabla ya Kolwezi. Haki za binadamu za Carter zilifanya kazi Argentina, ambako misaada ya kijeshi ilikatwa au kupunguzwa. Zaire zilikwamia mgodini. Mwaka 1979 Mobutu alikaribishwa Washington. Haikuwa Zaire peke yake, kwani usiku wa kuamkia mwaka 1978 Carter alikuwa Tehran akimsifu Shah kwa uthabiti wa nchi yake, na miezi kumi na tatu baadaye Shah alikuwa uhamishoni.

Watetezi wa Carter watasema: ungemtaka afanye nini, auache mji? Hoja ina uzito, hasa ukitazama soko la madini. Zaire ilitoa zaidi ya nusu ya kobalti iliyokuwa sokoni wakati ule, na kobalti haikuwa ya betri za simu kama leo, ilikuwa ya injini za ndege za kivita. Bei rasmi ya dola kama 7 kwa ratili mwanzoni mwa 1978 ilifika dola 25 mwaka 1979. Rais yeyote angeshtuka. Lakini tazama na upande wa pili wa hesabu. Reli ya Benguela ilikuwa imefungwa kwa vita vya Angola tangu 1975, kwa hiyo shaba nyingi ya Kolwezi ilienda baharini kwa kupitia Rhodesia mpaka bandari za Afrika Kusini. Serikali ya Carter iliyokuwa ikimbana Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, akubali utawala wa wengi ilikuwa, kwa mkono wa pili, ikilinda madini yaliyomlipia Smith nauli ya reli. Kubana huku na kulipa kule.

Afrika Mashariki jambo hili lilisikika kwa sauti ya Nyerere. Tarehe 5 Juni 1978 mataifa matano ya Magharibi yalikutana Paris kuzungumzia usalama wa Zaire na wazo la jeshi la Kiafrika. Tarehe 8 Juni Mwalimu aliwaita mabalozi mjini Dar es Salaam akawaambia kwamba hawana haki ya kukaa Ulaya na kupanga namna ya kuilinda Afrika, na kwamba hatari ya kuingiliwa haitoki Mashariki peke yake. Msimamo huo ulikuwa na utata wake, kwa kuwa miezi michache baadaye Idi Amin alivamia Kagera, na majeshi ya Tanzania yenyewe yakavuka mpaka hadi Kampala. Hata hivyo juu ya Kolwezi Nyerere aliona sawasawa: kikosi kilichobebwa na ndege za Marekani kuulinda utawala uliochokwa ni cha Kiafrika kwa jezi tu.

Cha ajabu ni kwamba suluhisho lilipatikana, na lilitoka kwa watu wa Carter walewale, upande wa Vance. Juni 1978 Donald McHenry, naibu wa Andrew Young, alitumwa Luanda kuzungumza na serikali ambayo Marekani ilikuwa haijaitambua, na isingeitambua mpaka mwaka 1993. Mantiki yake ilikuwa rahisi: Angola iwanyang'anye silaha watu wa Mbumba na kuwaondoa mpakani, Mobutu aache kuwalisha maadui wa rais wa Angola, Agostinho Neto. Neto alikuwa na sababu zake, hakuhitaji jirani anayefadhili waasi wakati UNITA inamtafuna kusini. Agosti Neto alitua Kinshasa, Oktoba Mobutu akajibu ziara. Vita vya tatu vya Shaba havikutokea. Kazi ambayo C-141 zilishindwa kuifanya ilifanywa na wajumbe wachache na makubaliano ya majirani wawili wasiopendana, na karibu hakuna gazeti la Marekani lililoiweka ukurasa wa kwanza. Carter hakuidai sifa hiyo kwa nguvu, pengine kwa sababu kuidai kungekuwa kukiri kwamba njia ilipitia Luanda, kwa rafiki wa Castro.

Yaliyobaki ya urais wake yanajulikana na sitayarefusha. Makubaliano ya Camp David kati ya Misri na Israeli, Septemba 1978, yalikuwa kilele. Novemba 1979 ubalozi wa Tehran ulitekwa na Wamarekani 52 wakashikiliwa siku 444. Desemba Warusi waliingia Afghanistan. Aprili 1980 jaribio la kuwaokoa mateka lilishindwa jangwani na Vance, aliyelipinga, akajiuzulu. Ronald Reagan alimshinda Novemba. Mpasuko kati ya Vance na Brzezinski uliojitokeza kwa mara ya kwanza juu ya Ogaden na Shaba ndio uliomfuata mpaka mlangoni.

Carter aliishi miaka 44 baada ya kushindwa, na ajabu ni kwamba alirudi Katanga. Sisemi alirudi kwa miguu, alirudi kupitia kituo alichokianzisha mwaka 1982. Watazamaji wa Kituo cha Carter walikuwapo katika uchaguzi wa Kongo wa mwaka 2011, na walipotoa tamko Desemba walisema matokeo hayaaminiki, wakataja maeneo ya Katanga ambako karibu kila aliyeandikishwa alipiga kura na karibu kila kura ilienda kwa Joseph Kabila. Mwaka 2017 kituo hicho kikatoa ripoti ndefu juu ya Gécamines: katika dola bilioni 1.1 ambazo shirika lilipata kutokana na mikataba na washirika wake kati ya 2011 na 2014, dola milioni 750 hivi hazikuweza kufuatiliwa zilikokwenda. Gécamines ilikanusha kwa hasira. Maneno hayo, juu ya shirika hilo, Rais Carter hakuyasema mwaka 1978, ingawa maneno ya kusema yalikuwepo: mwaka huo huo Mfuko wa Fedha wa Kimataifa ulimpeleka Mjerumani Erwin Blumenthal katika Benki ya Zaire, na alichokikuta humo kilimfanya aonye baadaye kwamba wakopeshaji wasitegemee kulipwa. Mtu asiye na kobalti ya kulinda husema kwa urahisi zaidi.

Kolwezi leo ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba, uliozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa. Mwaka uliofuata Freeport-McMoRan ya Marekani iliuza hisa zake za Tenke Fungurume kwa China Molybdenum kwa dola bilioni 2.65, na Ikulu ya Obama haikunyanyua hata nyusi. Walionyanyua ni waliomfuata. Desemba 2024 Joe Biden alisimama Lobito akiizungumzia reli ile ile ya Benguela, iliyoahidiwa mkopo wa Marekani wa dola milioni 553, akiwa na marais wa Angola, Kongo na Zambia pamoja na Makamu wa Rais wa Tanzania, Philip Mpango. Mwezi huo huo, tarehe 29, Carter alifariki akiwa na miaka 100. Mwaka 2025 Donald Trump aliwasainisha Félix Tshisekedi na Paul Kagame mjini Washington makubaliano ya amani yaliyofungamana waziwazi na madini.

Trump ana faida moja juu ya Carter: hakuahidi haki za binadamu, hivyo hana cha kusaliti. Kwa mchimbaji mdogo wa pembezoni mwa Kolwezi hiyo si habari njema wala mbaya. Jambo linalomhusu zaidi ni lile ambalo McHenry alilijua na Brzezinski hakulijali: mikataba ya Shaba hudumu pale inapowahusisha watu wa pande zote mbili za mpaka, Walunda wakiwemo, na katika meza za Lobito na Washington sijaona kiti chao. Kipande cha reli kinachotoka Kolwezi kwenda Dilolo kupitia Mutshatsha na Kasaji kinapita katikati ya vijiji vyao.